Sabato Moja ya Baba, Walthamstow

Kila mwaka majani yakianza kupukutika, tunagombana kuhusu viazi. Kamati ya sinagogi yetu hukutana jikoni, kwa kuwa ndiko kwenye hita inayofanya kazi, na jambo la kwanza huwa ni lile lile: sherehe ya Hanuka, sikukuu yetu ya taa ya siku nane, na latke. Latke ni vitumbua vya viazi vilivyokunwa, hukaangwa kwa mafuta mengi, na utamu wake ni kuliwa zikitoka kwenye karai. Mimi ndiye mpangaji. Na mimi ndiye niliyeamua kwamba zetu zikaangwe Ijumaa kabla jua halijazama, maana Sabato ikiingia hakupikwi, zikae juu ya bamba la umeme lenye joto la pole, ziliwe Jumamosi adhuhuri mara tu Torati ikishasomwa. Kwa hiyo hufika mezani zimelegea kama soksi za mzee. Naambiwa hivyo kila mwaka. Mbona tusikaange Jumamosi jioni, Sabato ikiisha, mishumaa ikiwaka, kama sinagogi nyingine? Nawajibu kwamba anayetaka latke kavu akakaange kwake. Wajumbe wapya hudhani nina kiburi, na wa zamani hutazama pembeni.

Nilizaliwa nyanda za juu za Kenya, upande wa Nyahururu, ambako Baba alifuga ng'ombe wa maziwa. Nikiwa mtoto, yeye na familia chache za jirani waliacha kanisa lao wakaanza kushika Sabato na kusoma Torati kama Wayahudi wanavyoisoma, sehemu kwa sehemu, kila wiki na sehemu yake, mpaka mwaka unaisha na kitabu kimeisha, kisha mnaanza upya. Watu walitucheka sana. Gombo la Torati, lile la ngozi lililoandikwa kwa mkono, hatukuwa nalo wala hatukujua lingetoka wapi. Tulikuwa na Biblia ya Kiswahili, kwani Mama alikuwa Mluhya, Baba Mkikuyu, na jirani mmoja Mturkana, na Kiswahili ndicho kilichotuweka meza moja. Baba alisoma amesimama dirishani, kwa sababu ya macho yake.

Kwetu wiki zilikuwa na majina. Baba hakusema mwezi wa kumi, alisema wiki ya Nuhu. "Huyu ndama alizaliwa wiki ya Nuhu," angesema, na sisi sote tulijua ni lini. Mkopo wa jembe, harusi ya shangazi, siku paa lilipoezuliwa na upepo, vyote vilikuwa na sehemu yake ya Torati. Mpaka leo, nikiulizwa hospitalini ninakofanya kazi siku yangu ya likizo, hujibu kwanza kwa jina la sehemu, kisha nacheka peke yangu.

Hanuka ilituangukia Desemba, shule zimefungwa, mchana jua kali na usiku baridi ya kukata masikio. Tulikata viazi nusu, tukachimba shimo katikati, tukatia mafuta na utambi wa pamba, tukavipanga dirishani. Usiku wa kwanza kiazi kimoja, wa pili viwili, hivyo hivyo hadi vinane. Kiazi kikiungua kina harufu yake, ya udongo na ya chakula kwa pamoja. Naitamani harufu ile kuliko kitu chochote nilichokiacha nyumbani.

London nililetwa na uuguzi. Niliwatafuta Wayahudi kabla sijamaliza kununua blanketi, nikawapata Walthamstow, nyuma ya soko lile refu, katika jengo ambalo ukilipita huwezi kujua ni la ibada. Walinikaribisha chai, wakanipa kiti. Ila kuhesabiwa ni jambo jingine. Ili Torati itolewe kabatini na kusomwa hadharani wanatakiwa watu wazima kumi, Wayahudi, na kwetu hapa wanawake huhesabiwa sawa na wanaume. Mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi hana budi kupita mbele ya baraza la marabi. Nilisoma miaka miwili. Waliniuliza maswali, wakaniuliza tena, kisha nikazama majini mara tatu nikatoka nikiwa mmoja wao. Baba aliposikia alipiga yowe kwenye simu hadi mbwa wakabweka. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita. Marabi hawakuwahi kupanda kwetu, naye hakuwahi kulalamika. "Siku wakija watanikuta," ndivyo alivyosema.

Hatimaye akaja kunitembelea. Alichagua Hanuka, na hakuweza kuwaacha ng'ombe zaidi ya wiki moja, kwa hiyo alifika Alhamisi ili arudi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Sabato moja tu. Nilimwuliza angependa kuona nini, ikulu ya mfalme, daraja, mto.

"Mito nimeona," alisema. "Nataka kusikia Torati ikisomwa kutoka kwenye ngozi. Basi."

Mwaka ule ndio nilikuwa nimekabidhiwa upangaji, na nikataka kumwonyesha Baba kwamba bintiye si mtu wa hivi hivi. Nikapanga karamu kubwa Jumamosi jioni. Latke za motomoto, donati za jemu, mishumaa, akordioni. Nilimpigia kila mtu, na kila mtu akasema atakuja. Ijumaa Baba alikaa jikoni kwangu amevaa koti na kofia ya sufu, akimenya viazi na kuvikosoa. Jua lilipozama kabla ya saa kumi jioni alikwenda dirishani kuhakikisha.

"Hili jua lenu ni la kuazima?" aliuliza.

Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, alielewa akacheka. "It comes back in March, Guka," alimjibu, kwamba litarudi mwezi wa tatu, naye Guka, yaani babu kwa Kikuyu, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya dhati.

Jumamosi asubuhi njia ziliganda barafu. Tulikwenda kwa miguu, Baba amenishika mkono, tukapita sokoni wenye vibanda wakifungua maturubai. Ndani ya sinagogi tulimkuta msimamizi wetu, mzee aliyeshona suti maisha yake yote upande wa mashariki wa jiji. Rabi tunamgawana na sinagogi nyingine, na siku ile alikuwa huko. Nilimkalisha Baba mstari wa mbele, karibu na meza ya kusomea, mahali ambapo angeweza kuziona herufi.

Kisha tukangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila viatu viliposikika nje tuligeuza shingo, na kila mara vilipita. Siku za kawaida hatukosi watu ishirini, kwa hiyo sikuwa nimewaza hata kidogo. Jioni ndipo nilipoelewa: kila mmoja alikuwa amejiambia kwamba kwa barafu hii ajitunze kwa ajili ya karamu, na kwamba asubuhi wengine watakwenda. Karamu yangu ndiyo iliyowabakisha kitandani.

Msimamizi akaanza kutuhesabu. Wayahudi hawapendi kuhesabu watu, wanaogopa kijicho, basi mzee huyu huhesabu kwa kukana. "Si mmoja. Si wawili. Si watatu." Baba alinigusa kiwiko akitabasamu. Wakikuyu nao hawahesabu watoto wao.

"Hawa ni watu wetu kabisa," alininong'oneza.

"Si tisa," mzee alisema aliponifikia mimi. Akamtazama Baba, uso ukamng'aa. "Na si kumi! Ametoka Kenya kuja kutuokoa!"

Watu wakacheka kwa furaha. Mama mmoja alikwisha kwenda kushika pazia la kabati.

Nilijua, na katika chumba kile mimi na Baba ndio pekee tuliojua. Nikainamisha kichwa, nikatazama zulia. Nilijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo, na kwamba Mungu aliyemsikia mtu huyu akisoma dirishani miaka yote ile hawezi kumkatalia asubuhi moja. Nilitaka anyamaze. Nilitaka kwa nguvu zangu zote.

Baba akasimama, akavua kofia, kisha akakumbuka hapa haivuliwi, akaivaa tena.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni. "Mimi msinihesabu. Binti yangu amepita kwa marabi. Mimi bado."

Mzee wetu ana masikio mabovu, na kila mtu anajua. Angeweza kujifanya hakusikia, na nilimwomba kwa macho ajifanye. Badala yake alimwendea Baba, akauchukua mkono wake kwa mikono miwili. Mama yule akaliachia pazia.

"Basi tungoje kidogo tena," mzee alisema.

Tuliongeza kungoja. Baba, alipoona nyuso zetu, aliwasimulia kwamba kwao Wakikuyu, wakitaja mabinti wa mama wa kwanza wa kabila, ambao ni kumi, husema ni tisa iliyojaa. Mzee alicheka, akasema ni hesabu nzuri sana, ila kwa bahati mbaya kabati hili halijaisikia. Hakuna aliyekuja.

Wakipungua kumi, gombo halitolewi. Sehemu ya wiki husomwa kutoka vitabu vilivyochapwa, kila mtu aya zake, kama darasani. Mzee alivigawa vitabu, na ilipofika zamu ya Baba hakumruka. Kusoma kitabu hakuhitaji kuhesabiwa, alisema. Baba akatoa mfukoni Biblia yake ya Kiswahili, ile ile ya dirishani, gamba limeshonwa kwa uzi wa gunia. Ilikuwa ni ndoto ya Farao, ng'ombe saba wanono walioliwa na ng'ombe saba waliokonda, nao wasinenepe. Alisoma amesimama. Alipofika mwisho alishindwa kujizuia.

"Waambie," aliniagiza, "ng'ombe akila vile na asinenepe, ana minyoo. Farao hakuhitaji Yusufu, alihitaji daktari wa mifugo."

Niliwatafsiria. Walicheka hadi mzee akafuta macho. Nami nilicheka pamoja nao huku nikilia, maana kabati lilikuwa pale pale mbele yake, pazia limefungwa, na mtu huyu alikuwa ameruka usiku kucha juu ya bara zima ili aje kusoma Biblia ile ile aliyoisoma kwake kila wiki.

Jioni ukumbi ulifurika. Viti havikutosha, latke zilisifiwa, akordioni ikapigwa, na watu walioniangusha asubuhi walimpigapiga Baba mabegani wakimwuliza kama ameipenda London. Alisema ameipenda. Alikula donati tatu, akaziita mandazi yaliyofichwa jemu. Mzee alimvuta kando, akamwambia kwamba kama angependa, angelifungua kabati alitazame gombo, hata alishike. Baba alimshukuru, akakataa. Alisema alikuja kusikia, na kitu cha kusikia hakitazamwi. Nilikuwa karibu na karai, nikasikia, nikaunguza latke karai zima.

Nilimkasirikia. Leo inaonekana ajabu kusema hivyo, lakini nilimkasirikia siku nzima za Jumapili na Jumatatu, nikimpakulia chakula bila kumtazama usoni. Nilijiambia uadilifu wake ni ubishi wa kizee tu. Yeye alizunguka nyumba na mjukuu wake akimfundisha kuchimba viazi vya taa, na nyumba yangu ikanuka ile harufu niliyoitamani miaka yote, nami sikuifurahia hata kidogo.

Mwaka uliofuata niliihamisha karamu, nikaiweka adhuhuri baada ya kusoma, ili anayetaka latke aje asubuhi. Wanakuja. Kabati hufunguliwa. Baba hakuweza kusafiri tena, miguu ilikataa, na mwaka juzi alitutoka, wiki ya Nuhu, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa. Marabi hawakupanda.

Jumatano ile, siku moja kabla ya safari yake, nilimkuta chumbani akipanga sanduku. Alikuwa anakunja mashati jinsi Mama alivyomfundisha, mikono ndani. Hasira ilikuwa imeshaanza kupoa na chini yake nilikuta huzuni tupu.

"Baba," nilimwambia, "mbona hukunyamaza? Ungeisikia. Hakuna mtu aliyekuuliza."

Alilikunja shati hadi mwisho, akaliweka.

"Wewe walikuuliza," alisema. "Miaka miwili wanakuuliza, unajibu, na usiku unanipigia simu ukilia kwamba wameuliza tena. Halafu mimi nihesabiwe kando yako kwa kuwa hakuna aliyeniuliza?"