Ukurasa wa Kushoto Ulikuwa Wao

Siku moja kule Mitunguu naikumbuka hadi leo, mwanangu, kama ndoto ya alfajiri: ukungu juu ya migomba, maji yakinong'ona mferejini, nami mwalimu kijana nimekumbatia rundo la madaftari ya somo la jamii.

Ukurasa wa kulia wanafunzi waliandika niliyofundisha. Wa kushoto ulikuwa wao: wachore, wabandike, waulize. Hivyo ndivyo nilivyowaahidi.

Tulikuwa tumechora ramani ya eneo letu. Kendi, msichana mpole wa darasa la sita, alibandika kwenye ukurasa wake wa kushoto kipande cha jani kavu la mgomba, kimejipinda kama nyoka. Sikumuuliza. Nilikibandua, nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Uchafu." Tangu hapo ukurasa wake wa kushoto ukabaki mweupe, wiki baada ya wiki.

Mzee M'Ikiara, mwalimu aliyebakisha muhula mmoja astaafu, aliliona daftari lile mezani kwangu.

"Madam," akasema taratibu, "umewahi kuwauliza wanayaonaje haya madaftari?"

"Niwaulize watoto?"

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na kuuliza si ujinga."

Nikawauliza. Kwanza walitazamana, hawakuzoea kuulizwa; hata sisi utotoni nani alituuliza kitu? Kisha mvulana mmoja akasema kukunja ramani humsaidia kukumbuka. Mwingine akasema gundi inamchosha, heri aandike tu. Mwisho akasimama Kendi.

"Mwalimu, ulisema huo ukurasa ni wetu. Lile jani lilikuwa mfereji baba alichimba kabla afariki. Ukaita uchafu."

Nikamwomba msamaha mbele ya darasa zima. Jioni alinipeleka kuuona. Tulitembea polepole kati ya migomba, akanionyesha pale baba yake alipokuta mwamba, akauzunguka. Mfereji ule haukuwa katika kitabu changu, lakini ndio ulionywesha shamba lao. Wiki iliyofuata Kendi alifundisha somo la maji, nami nikaketi kwenye dawati lake.

Basi mwanangu, wewe unayeshika chaki leo, ukimpa mtoto nafasi ya kusema, usimpokonye. Muulize kabla hujamsahihisha. Na ukikosea, mwombe radhi palepale ulipomwaibisha. Ngai, Mungu wetu, akupe sikio la kusikia sauti ndogo, na uliowafundisha wakutaje kwa wema hata mvi zikikufunika.