Chaki Iliyozeesha Tope

Saa mbili na robo asubuhi. Maabarani, Mama Vioo anachota tope la chini ya bahari kwa ncha ya kijiti cha meno, analipaka kwenye kioo chembamba, kisha anakitupa kijiti. Kila tope na kijiti chake. Hapo hana mzaha.

"Ukikirudia tu, umeshachanganya mamilioni ya miaka," anasema, jicho likiwa tayari kwenye hadubini.

Anatafuta kokolithi: visahani vya chokaa vilivyofunika mwani wa baharini zamani za kale, vidogo kuliko chembe ya vumbi. Akivitazama kwa mwanga maalumu, kila kimoja kinaonyesha msalaba mweusi. Mikono ya msalaba ikipinda, ni aina moja. Kisahani kikiwa na daraja katikati, ni nyingine. Kila aina iliishi enzi yake, hivyo aina ikijulikana, umri wa tope umejulikana. Kwa kila kioo huhesabu visahani mia tatu.

Kwa miaka tisa alikuwa muosha vioo tu, na jina likamganda. Kusoma vioo alijifunza kwa kuchungulia. Mwaka huu mkuu wa maabara akampa miezi sita ya majaribio. Akishindwa, anarudi kuosha.

Mwezi wa tano wa majaribio almanusura aharibu. Ndani ya tope changa alikuta visahani vya enzi za dinosaria. Akaandika ripoti, akarudi nyumbani kifua mbele.

"Mume wangu akanitazama, akasema, 'Mke wangu, umeanza ualimu lini? Mkono wa gauni wote chaki!' Nikazikumbuka sinia."

Sinia za kukaushia tope alikuwa akiziandika namba kwa chaki ya mawe, na mawe hayo yenyewe ni visahani vya kale vilivyoshikamana. Asubuhi akaikwangua chaki, akaitazama kwa hadubini. Visahani vilevile!

Angeweza kunyamaza. Alikwenda kwa mkuu, kioo cha chaki mkononi.

"Nimechemsha, mkuu. Ni chaki yangu."

Mkuu aliinamia hadubini muda mrefu. "Nani kakuonyesha?"

"Nimeona mwenyewe."

"Basi andika upya. Na chaki zote zitoke humu leo."

Wiki iliyopita alipata mkataba wa kudumu. Sasa anaandaa kijitabu cha Kiswahili kwa wanaoosha vioo, ili nao wajue wanachokiona. Amekwisha kuchora aina arobaini, na mkuu amesahihisha michoro mitatu. Marekebisho ya miwili Mama Vioo ameyakubali.

"Huu wa tatu siubadilishi," anasema, akisogeza kiti. "Daraja lake kweli limelala upande. Mkuu aje tuangalie pamoja."