Kaka Yangu Atoka Shimoni

Nilirudi kutoka Uganda na diploma yangu, koti jipya na viatu vinavyolia, wiki ileile sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipoanza mjini. Sikupumzika. Nilikwenda Temeke, kwenye karakana ya mbao alikofanya kazi kaka yangu, nikawasomea wafanyakazi habari hiyo gazetini. Nani mwingine angewaeleza kama mimi?

Kaka alikuwa mtu wa shimoni. Gogo lililazwa juu ya shimo. Mmoja alisimama juu yake akiongoza msumeno, mwenziwe akauvuta kutoka chini huku unga wa mbao ukimmwagikia machoni. Wa juu aliitwa fundi, akalipwa karibu mara mbili. Wa chini aliitwa kibarua tu.

"Kwa hiyo mie na kaka yako sasa sawasawa?" fundi wake aliniuliza.

"Karibu. Wewe hujapunguziwa, ni yeye aliyepandishwa."

"Basi apande huku juu tumwone, Bwana Diploma."

Walicheka wote isipokuwa kaka. Tajiri, mwenye karakana, alikuwa ameshasema kwamba kwa mishahara hiyo misumeno mitatu itabaki miwili, na watu wawili wataondoka kesho. Kila mtu alijua wataanza na vibarua.

"Juu unapaweza?" nikamnong'oneza kaka.

"Fundi akiugua, nani hupanda?"

Hapo nikaingia ofisini kwa tajiri na Kiingereza changu kilichonyooka. Nikamwambia: ikiwa sasa unawalipa karibu sawa, baki na wanaoweza kote kuwili, wapokezane. Alinitazama viatu, akanitazama usoni, akakubali. Wazo langu hilo, na mpaka leo najivunia.

Kesho yake asubuhi tajiri akawaamuru mafundi washuke shimoni kwa zamu. Mmoja alivua shati, akaingia. Wawili waligoma, na fundi wa kaka alikuwa mmoja wao.

"Fundi haingii shimoni," alisema, akabeba patasi zake akaondoka. Baadaye nilimkuta Chang'ombe akiuza mkaa. Bado aliniita Bwana Diploma, ila hakucheka tena.

Kaka akapanda juu ya gogo. Msumeno ukaanza kuimba, mstari ukanyooka, unga ukaruka hadi kwangu.

"Sogea, mdogo wangu, koti litaharibika."

Sikusogea.