Filimbi na Taa Zinazosemezana

Mume wa dada yangu ni askari wa trafiki, na mtaa mzima unamwita Filimbi. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa akiipuliza filimbi yake kwenye makutano yaliyo mbele ya duka langu la ushonaji tangu asubuhi hadi usiku, na mimi, nimeinamia cherehani, niliiombea ipasuke. Lakini haki yake nitampa: foleni ya pale ilikuwa balaa, na aliyeipunguza ni yeye, kwa mikono yake miwili na ukali wake. Madereva walimwogopa, baadaye wakampenda. Taa zilikuwapo, ila hakuna aliyezijali. Watu waliangalia mkono wa Filimbi.

Ndipo zikaja taa mpya. Kila nguzo ilifungwa kisanduku kinachohesabu magari na kurusha habari hewani, bila waya, hadi kwenye taa za makutano ya mbele, ili zijue msafara unakuja na zifungue njia kabla magari hayajajazana. Injinia alinieleza hayo alipoleta suruali yake kupunguzwa, nami nikaelewa mara moja: ni umbeya, ila wenye faida.

Basi foleni ikazidi. Injinia alipanda ngazi, akafungua visanduku, akavifunga, akajikuna kichwa. Mwishowe akakaa dukani kwangu kutazama, na hapo akaona. Taa ikiwa ya kijani, Filimbi anasimamisha magari. Kisanduku kinaona barabara imetulia, kinatangaza kwamba hakuna anayekuja, na taa za mbele zinafunga. Kisha Filimbi anaachilia msafara wote, unakwenda kukwama huko.

"Afande," injinia akamwambia kwa adabu, "mkono wako unazidanganya mashine. Naomba usimame pembeni tu, usipunge."

Akasimama pembeni, mikono nyuma. Mambo yakaharibika zaidi! Madereva walimwona, wakafunga breki kwenye kijani wakingoja ruhusa yake. Mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza, "Mzee, tupite au tusipite?" Mazoea yana taabu. Na fahali wawili hawakai zizi moja.

Mkuu wake wa kazi alimheshimu sana, akamwachia uamuzi. Akitaka kubaki, taa zitang'olewa zipelekwe mtaa mwingine. Asipotaka, atapewa kazi ya ofisini. Mchana uliofuata Filimbi alinijia dukani kwa mlango wa nyuma.

"Shemeji, nifiche. Nataka nione zinavyofanya kazi nisipokuwepo."

Nikamwingiza nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mteja aliyekuja kupima gauni alikuta kofia ya askari inachungulia, akapiga ukelele hadi mkasi ukanidondoka. Mimi nilicheka nikashika mbavu. Filimbi hakucheka. Alikuwa akitazama barabarani. Taa zilifungua, magari yakapita; zilifunga, yakasimama; na waliopita walikuta makutano ya mbele yameshafunguka. Madereva wa mabasi, malori, teksi, wote walikwenda bila kugeuza shingo.

"Shemeji," akasema polepole, "hakuna hata mmoja aliyeuliza niko wapi."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza. Nilimwonea huruma, nasema wazi.

"Wanawahi nyumbani," nikamwambia. "Si ndicho ulichokuwa ukikihangaikia?"

Akavua kofia, akampigia mkuu wake simu. "Ziacheni taa," alisema, basi. Akaambiwa aende akapumzike, ya ofisini yatasubiri kesho.

Jua lilikuwa bado halijazama. Nilifunga duka nikaongozana naye hadi kwake, maana sikutaka aende peke yake. Dada alipomwona mlangoni akashika kifua.

"Kuna msiba? Nani amekufa?"

"Hakuna msiba, mama watoto. Nimewahi tu."

Walikuwa ndiyo kwanza wanataka kukaa kula, yeye na mabinti zao wawili. Mimi nilibaki mlangoni. Filimbi akanawa mikono, akaja mezani, akavuta kiti.

"Baba, hicho cha mama," akasema binti mdogo.

Akavuta kingine. Hicho kilikuwa cha binti mkubwa. Cha tatu kilikuwa cha yule mdogo mwenyewe, na cha nne hakikuwepo. Miaka yote hiyo alikuwa akirudi watoto wamelala, akila jikoni kwa kusimama, na hakuna aliyewahi kuona kwamba meza ina upungufu. Mabinti wakatazamana. Yule mkubwa alimsogezea chake haraka, lakini baba yake akakirudisha kwa upole. Akaenda jikoni, akaleta ndoo, akaipindua, akaikalia. Alikula magoti yakimfika kifuani, na dada yangu alijifanya anatafuta chumvi ili afute macho.

Asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, alipita dukani kuniuliza kama namjua seremala mzuri. Alitaka kiti kimoja.