Mkilua wa Fundi wa Nguo

Fundi wetu wa nguo hapa Kabati alikuwa mama wa Pwani, na ukucha wa kidole gumba aliuacha mrefu ili afumulie mishono. Nyuma ya duka alikuwa na mkilua, mti mfupi wa misitu ya kwao, alioupanda ndani ya debe lililotobolewa chini, kwenye kivuli cha ukuta, udongo ameufunika kwa majani makavu. Kila alipotawadha alichuchumaa kando ya debe hilo, maji ya udhu yakaingia shinani. Maua yake, madogo, ya kujificha chini ya majani, aliyakunjia ndani ya nguo za wateja, kwa hivyo Jumapili kanisa letu zima lilinukia kilua, na yeye Mwislamu.

Mwaka wa themanini na nne mvua ikakataa. Majani yakapukutika yote. "Mama, ng'oa tu huo uwe kuni," Kalunde, muuza maharagwe jirani yake, akamwambia. Fundi akakwaruza gome kwa ule ukucha, akaona ukijani mwembamba kama uzi. "Bado yuko," akasema polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Miezi ikapita, nguo zetu zikinuka mafuta ya cherehani tu. Mvua iliporudi sikuthubutu kumuuliza. Kisha Jumapili moja, katikati ya maombi, Kalunde akapita mbele yangu na blauzi mpya, amechelewa kama kawaida yake. Nikafumbua macho. Hata pasta alivuta pumzi ndefu puani, ndipo akasema amina.