Hedi Aliyoitoboa Taratibu

Kwa miaka thelathini na moja nimewachekesha wageni kwa kisa cha mume wangu na hedi ya gari. Najua kukisimulia. Najua pa kushusha sauti, najua pa kumgeukia na kumuuliza, "Au nasema uongo, fundi?" Naye, kikombe mkononi, hujibu vilevile kila mara: "Mkono uliteleza." Hapo watu hucheka mpaka chai inapoa.

Gerejini walimwita Taratibu. Nati ambayo wenzake waliifungua kwa nyundo na matusi, yeye aliipaka mafuta, akaenda kunywa maji, akarudi na kuifungua kama kifuniko cha chupa. Mimi nilikuwa fundi cherehani, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na mafundi wawili na kiti chenye miguu mitatu. Mganga hajigangi. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya gereji, kitanda upande huu, cherehani upande ule, na katikati meza moja ya kulia chakula na kukatia vitambaa.

Gereji ilikuwa na pikapu ya kuvuta magari mabovu, na pikapu yenyewe ilikuwa mgonjwa. Ikifika nusu ya kilima cha barabara kuu inaishiwa pumzi, na gari lililofungwa nyuma linaanza kuivuta yenyewe. Msimamizi wa gereji, ambaye wote walimwita Injinia ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona, akaamua kuagiza hedi iliyochongwa tayari na mafundi wa mashine. Hedi ni kile kipande cha juu cha injini, chenye njia za kuingiza hewa na njia za kutoa moshi. Njia hizo zikitoka kiwandani huwa na kona na mikwaruzo. Ukizipanua na kuzilainisha vizuri, injini inapumua, na gari linapata nguvu.

"Hiyo nitaichonga mwenyewe," Taratibu akasema.

"Wewe?" Injinia akamtazama juu mpaka chini. "Hiyo ni kazi ya mashine, bwana. Ukikosea kidogo tu, umeua injini."

"Nipe wiki tatu na hedi ya ile pikapu nyingine kama hii, iliyokufa pale uani."

"Haya, chukua. Ikipanda kilima na gari nyuma, meza ya injini ni yako. Isipopanda, utabaki kwenye breki, na nisikusikie tena."

Breki ndiko kila fundi alikoanzia, na kila mwenye akili alitafuta njia ya kutoka. Meza ya injini Taratibu aliitamani tangu kabla hajanioa. Alinieleza habari zake siku ya kwanza tulipoonana, nikadhani anazungumzia mwanamke mwingine.

Hedi akaileta nyumbani, akaiweka mezani juu ya gunia. Mimi siku hizo nilikuwa siongei. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, aliyeishi siku nane, na baada ya matanga maneno yalinikauka. Nilijibu ndiyo, nilijibu hapana, basi. Hata mama yangu alikuja akakaa wiki nzima akiniongelesha, akaondoka analia. Taratibu hakunilazimisha. Alikaa upande wake wa meza, akazungushia msasa kwenye kijiti, akasugua ndani ya zile njia jioni baada ya jioni, nami nikashona upande wangu.

Jioni moja akanisogezea lile dude. "Kidole changu kimeota sugu, hakisikii kitu," akasema. "Na kidole kimoja hakivunji chawa. Niazime chako."

Nilikiingiza ili aniache. Lakini kidole cha mshonaji hakijui kunyamaza. Ndani kabisa nikagusa mstari mwembamba, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapa kuna mshono."

Hakuinua uso. Alichukua msasa tu, akauliza, "Wapi?"

Kuanzia hapo nikawa mkaguzi wake. Yeye anasugua, mimi natia kidole, nasema bado, yeye anasugua tena. Kutoka kwenye mishono ya chuma tukaingia kwenye habari za majirani, na kutoka kwa majirani tukafika kwa mtoto. Jioni moja tukamtaja jina na kulia wote wawili, hedi katikati yetu. Vumbi la chuma lilituingia mpaka kwenye chakula. Kidole changu kilikuwa cheusi hivi kwamba kiliacha alama kwenye blauzi nyeupe ya mteja, nami nikaishonea mfuko juu yake, mteja akausifu ule mfuko kuliko blauzi yote. Taratibu alicheka mpaka akashika ukuta. Nimeishi vizuri baadaye, sina la kulalamika, lakini jioni zile nazikumbuka kuliko harusi yangu.

Njia ya tatu ilikuwa na kinundu ndani, upande wa chini. Nyingine zote zilikuwa zimekuwa laini kama hariri, ila hiyo.

"Bado," nilimwambia. "Hiki kinundu."

"Kinakusumbua?"

"Kinanikera. Nguo yenye kinundu kama hiki mteja anairudisha. Kitoe, tafadhali."

Alinitazama muda mrefu. Nikadhani anapima kazi. "Sawa," akasema. "Kesho nitakitoa kwa drili."

Siku ya kupanda kilima gereji nzima ilifunga kazi. Walifunga gari kubwa bovu nyuma ya pikapu, Taratibu akashika usukani, na sisi wengine tukafuata kwa miguu. Ikafika pale inapoishiwa pumzi siku zote, ikapita. Nikapiga vigelegele peke yangu barabarani bila aibu. Ikapanda tena kidogo, halafu moshi mweupe ukafumuka nyuma, mwingi, na pikapu ikazimika.

Walipoifungua wakakuta tundu dogo kama punje ya mchele, ndani ya njia ya tatu, na maji ya rejeta yameingia kwenye injini.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Injinia akasema. "Ulifanyaje hapa?"

"Mkono uliteleza," Taratibu akasema.

Hedi ya mafundi wa mashine ikaagizwa, pikapu ikapanda kilima, na mume wangu akakaa kwenye breki mpaka alipostaafu. Vijana aliowafundisha kushika spana walipita wakaenda kwenye meza ya injini. Yeye hakununa hata siku moja. Nami, kwa kuwa hakununa, nikaona ni jambo la kuchekea.

Mwezi uliopita mkwe wetu, mume wa binti yetu mdogo, alikuja na hedi aliyoagiza kwa ajili ya gari lake. Ilikuwa imechongwa tayari, imefungwa ndani ya sanduku lenye sponji, na karatasi ya vipimo juu yake. Akaiweka sebuleni tuione. Nikanawa mikono, nikatia kidole, kazi nzuri kwa kweli, mpaka nilipofika katikati.

"Mwanangu, umeuziwa kazi mbovu," nikamwambia. "Hapa wameacha kinundu. Rudisha."

Akacheka kwa adabu. "Hapana, mama. Hapo nyuma yake ndipo maji yanapopita. Lazima wakiache, ukikisugua unatoboa. Hata fundi wa breki anajua hilo."

Nikamgeukia mume wangu nicheke naye. Alikuwa ameinamia karatasi ya vipimo, na miwani yake ilikuwa mfukoni.

Nilingoja mkwe aondoke. Mzee alikuwa kibarazani, nikakaa karibu yake.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

"Kile kinundu. Ulijua kuna maji."

"Nilidhani nitakipunguza tu, wewe uridhike na chuma kibaki. Kilibaki chembamba mno."

"Na meza ya injini ulikuwa unaitaka vile."

"Niliitaka."

"Miaka yote hii nakucheka mbele ya watu. Kwa nini hukuniambia kosa ni langu?"

"Ningekuambia," akasema, "halafu unyamaze tena?"

Machozi yalinitoka pale pale. Nikaanza kuongea huku nalia, lolote lililonijia mdomoni, habari za mkwe, za kuku wa jirani, ili asije akadhani nimenyamaza.