Mama Zainabu na mbuzi anayeitikia shikamoo

Leo mzazi kanifuata darasani, nikajua nimekwisha.

Nafundisha darasa la sita hapa Newala. Msimu wa korosho ukifika, madawati yanabaki matupu. Watoto wako mashambani wanaokota.

Nikabuni ujanja. Kila asubuhi nasimulia kisa cha mbuzi anayeitikia shikamoo, halafu nakikata pale kinaponoga. Anayetaka kujua kilichofuata, aje kesho.

Leo kabla sijaanza, Mama Zainabu akasimama mlangoni na ndoo ya shambani, binti yake pembeni, macho mekundu kwa kulia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Nilitaka huyu abaki tuokote korosho. Kagoma. Eti leo mbuzi anamjibu mwenyekiti wa kijiji."

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kila jioni ananihadithia. Sasa nikimzuia yeye, na mimi nakosa."

Akaenda dawati la nyuma, akakaa, ndoo mapajani.

"Haya. Alijibu nini?"

Jamani, jibu sikuwa nalo. Nilipanga kuwazungusha hadi wiki ijayo. Nikababaisha: mbuzi alisema hajibu mtu asiyemwamkia kwanza.

Mama Zainabu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Zainabu naye akacheka, akafungua daftari.

Akiondoka mama akaniambia taratibu, "Korosho nitaokota mwenyewe. Huyu atakuja kila siku."

Nimefurahi mno, ila nimenaswa. Mwenyekiti wa kijiji amwamkie mbuzi, au akatae? Niandikieni hapo chini, kengele ya kesho inagongwa saa moja na nusu asubuhi.